Taasubi ya Kiume na Hofu ya Macho ya Watu katika Rosa Mistika

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa Nairobi mwaka 1971, aghalabu husomwa kama funzo kuhusu malezi: baba humfungia binti, naye binti akipata uhuru huangamia. Usomaji huo una ukweli, lakini haujitoshelezi. Hauelezi kwa nini kipigo cha Zakaria kinaweza kupokewa kama dalili ya mapenzi ya mzazi.

Hapa saikolojia yaweza kumfaa mhakiki. Mwaka 1996, Peter Glick na Susan Fiske walitenga nyuso mbili za taasubi ya kiume. Ya kwanza ni ya uadui: humwona mwanamke kuwa mshindani anayestahili kutiwa adabu. Ya pili ni ya hisani: humsifu na kumlinda, mradi abaki mahali alipowekwa. Uchunguzi wao wa mwaka 2000 katika nchi 19, zikiwemo Nigeria, Botswana na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba nyuso hizo huandamana. Huko Ubelgiji, Benoit Dardenne na wenzake walibaini mwaka 2007 kwamba hata maneno ya hisani humtia mwanamke shaka kuhusu uwezo wake, naye akafanya kazi vibaya zaidi.

Zakaria ana nyuso zote mbili. Anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, mkono ni wa uadui ilhali sababu inayotolewa ni ulinzi. Matokeo yake si utiifu tu. Rosa anafika shuleni akiwaogopa wanaume na akiyaogopa macho ya watu; hajui kusema nao wala kuwakataa. Anapoanza kujiachia, hofu hiyo haijamtoka, bali imegeuka sura: bado thamani yake inapimwa na wanaume. Ndiyo maana mchumba anapomkataa kwa kuwa si bikira, Rosa hana kipimo kingine cha kujipimia, na anajiua.

Mambo haya hayakuishia Ukerewe ya kubuni. Tarehe 17 Novemba 2014, wanawake waliandamana katikati ya jiji la Nairobi baada ya umati kumvua mwenzao nguo kwenye kituo cha matatu. Waliotenda unyama huo walijitetea kwa jina la heshima. Mwaka huohuo sheria ya Kenya iliweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa kosa hilo. Hata hivyo, sheria humwadhibu aliyenyoosha mkono. Haiwezi kuifikia hofu ya mwanamke anayejikagua kabla ya kutoka nyumbani.

Hofu hiyo ndiyo riwaya inayoidhihirisha kuliko hojaji. Hojaji humuuliza mtu mmojammoja anaamini nini. Riwaya huonyesha kijiji kizima kikitazama. Lakini Kezilahabi naye hasalimiki. Mabishano ya baada ya kifo kuhusu nani alaumiwe, baba au binti, yanaliacha jicho la jamii nje ya kizimba. Msomaji akiridhika na hukumu ya wawili hao, atakuwa ameketi pamoja na watazamaji. Uhakiki wa riwaya hii hauna budi kuanza kwa kumwita mtazamaji huyo naye ajibu.