Usalama wa Nani? Istilahi za Masomo ya Watafiti wa Marekani

Tarehe 30 Januari 2024 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilitoa masomo manne kwa ajili ya watafiti wa vyuo vikuu waombao fedha za serikali. La kwanza laeleza maana ya usalama wa utafiti. La pili lahusu wajibu wa mtafiti kutaja vyeo na misaada yote aliyo nayo. La tatu lahusu namna ya kupima hatari na kuipunguza. Na la nne lahusu ushirikiano na wataalamu wa nchi za nje. Mafunzo ya namna hii si ya hiari. Sheria ya CHIPS and Science, iliyotiwa sahihi tarehe 9 Agosti 2022, yataka watafiti wakuu watajwao katika ombi la ruzuku wathibitishe kwamba wameyamaliza katika muda wa miezi 12 kabla ya kuomba. Ingawa maandishi haya si fasihi, yastahili kuchambuliwa kwa makini, maana riziki ya mtaalamu yategemea jinsi maneno yake yanavyofahamiwa.

Neno la kwanza la kuchunguza ni lile la usalama. Kiingereza kina neno moja la kumkinga mtu na ajali, na jingine la kuilinda nchi au mali na adui. Kiswahili hutumia neno moja kwa yote mawili: husemwa usalama barabarani, na husemwa pia Baraza la Usalama. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akutanapo na maneno "usalama wa utafiti" aweza kudhani kwamba yahusu hali ya wanakijiji wanaohojiwa, au ya mwanafunzi ashikaye dawa kali maabarani. Wengine wataiona hii kuwa kasoro ya lugha. Bali ni faida, kwa kuwa yamlazimisha mfasiri aulize swali ambalo Kiingereza huliruka: ni usalama wa nani?

Jibu la masomo haya halikukaa mahali pamoja. Chini ya jina hilo moja yamekusanywa mambo matatu. Kwanza ni kusema kweli: mtafiti aeleze nani amlipaye na nani amwajiriye. Pili ni kutunza amana: asitoe nje mswada wa mwenziwe aliopewa ausahihishe, wala matokeo ambayo hayajachapishwa. Tatu ni hadhari juu ya mataifa manne, yaani Uchina, Urusi, Irani na Korea ya Kaskazini. Mambo mawili ya kwanza ni adabu ya kale ya elimu, na hapana mtaalamu mwadilifu awezaye kuyapinga. La tatu ni siasa ya dola. Huenda siasa hiyo ina sababu zake, lakini si adabu ya elimu, wala haifai kuvikwa vazi lake. Sheria yenyewe yakataza mtu kubaguliwa kwa ajili ya kabila lake au asili ya taifa lake; katazo hilo ni ushahidi kwamba watunga sheria waliiona hatari iliyomo.

Hatari hiyo si ya kubuni. Kuanzia Novemba 2018 hadi Februari 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliendesha mpango ulioitwa China Initiative. Charles Lieber wa Harvard alitiwa hatiani Desemba 2021 kwa kuwadanganya maofisa wa serikali juu ya uhusiano wake na mpango wa Uchina wa kuwaajiri wataalamu, na kwa makosa ya kodi. Lakini Anming Hu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, aliyeshtakiwa kwa kuficha uhusiano wake na chuo kimoja cha Beijing, aliachiliwa na hakimu Septemba 2021. Naye Gang Chen wa MIT alifutiwa mashtaka Januari 2022, kwa ombi la waendesha mashtaka wenyewe. Hakuna hata mmoja wa watatu hawa aliyeshtakiwa kwa upelelezi. Lililobishaniwa lilikuwa ni lipi lilipasa kutajwa, na kama aliyenyamaza alinyamaza kwa hila. Somo lolote la aina hii litakalowataja waliotiwa hatiani na kuwasahau walioachiliwa, litakuwa limefundisha nusu ya habari.

Hapa ndipo mfasiri apaswapo kuangalia sana. Wajibu wa somo la pili wapata kufasiriwa kwa "kufichua". Lakini kitenzi hicho ni kinyume cha kuficha. Amwambiaye mtu afichue, amekwisha kumshtaki kwamba alificha. "Kutaja" au "kubainisha" hakuna tuhuma ndani yake. Jambo hili lawahusu pia wasomaji wa Afrika ya Mashariki, kwani majina ya wataalamu wa hapa washirikianao na vyuo vya Marekani huweza kutajwa katika maombi hayo. Wala desturi ya kuuliza si ngeni kwao: mgeni atakaye kufanya utafiti Tanzania huomba kibali kwa COSTECH, na Kenya kwa NACOSTI, naye huulizwa anafanya nini. Kuulizwa si kutukanwa, ilimradi swali liwe wazi na liwe moja kwa wote.

Masomo hayo manne baadaye yalifupishwa kuwa somo moja. Ufupi si aibu. Aibu ni kufupisha kisichokwisha kubainishwa. Mwaka 1985 serikali ya Rais Reagan iliamuru kwamba matokeo ya utafiti wa msingi yaachwe bila vizuizi kwa kadiri iwezekanavyo, na kwamba panapohitajika ulinzi wa nchi, jambo litangazwe rasmi kuwa siri. Uzuri wa amri ile ulikuwa katika mpaka wake: mtafiti aliweza kujua lipi ni siri na lipi si siri. Mfasiri wa Kiswahili aweza kuurudisha mpaka huo kwa kuyatenga majina: kutaja misaada kuitwe uaminifu, kuhifadhi kazi ya mwingine kuitwe amana, na hadhari ya dola juu ya dola nyingine iitwe ulinzi wa nchi. Mtafiti atiaye sahihi cheti ana haki ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu aliloapia.