Rangi Mpya, Kalibu Ileile

Camaro nyekundu niliitoa katika rundo la vichezeo vya mitumba mjini Eldoret, imekosa mlango mmoja na ekseli zake zimezongwa na nyuzi za zulia. Nilipofika nayo nyumbani Cheptiret niliiweka mezani kando ya ile ya manjano niliyokuwa nayo tangu zamani, nikachukua bisibisi ndogo nikazifungua zote mbili. Skurubu zilikuwa kwenye matundu yaleyale. Bawaba zilijikunja kwa pembe zilezile, boneti ikawa kifua, milango ikapanda mgongoni kama mabawa. Kilichotofautiana ni rangi, na kwa fundi anayetazama kwa makini, rangi hiyo ina mengi ya kusema.

Ya manjano ni Bumblebee, roboti anayegeuka Camaro katika filamu ya Transformers ya Michael Bay iliyotoka mwaka 2007. Nyekundu ni Cliffjumper, ambaye katika filamu hiyo hayumo. Kampuni ya vichezeo ya Hasbro ilimtoa kwa kutumia kalibu ya Bumblebee. Wakusanyaji wengi huviita vichezeo vya namna hii vya kupakwa upya, kisha wakavipa nafasi ya nyuma kabatini. Siafikiani nao, na hata jina hilo linapotosha. Hakuna aliyechukua Bumblebee wa manjano akampuliza rangi nyekundu. Wekundu huu ulikuwamo ndani ya plastiki kabla gari halijawa gari.

Anza kiwandani. Punje za plastiki ya ABS huchanganywa na rangi, zikayeyushwa, zikasukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya feleji. Gharama kubwa iko kwenye kuchonga kalibu. Ikishachongwa, inaweza kufyatua vipande kwa maelfu, na kubadilisha punje za manjano kwa punje nyekundu ni kazi ndogo ukilinganisha na kuchonga nyingine. Hiyo ndiyo sababu ya kibiashara, na haihitaji maelezo marefu.

Linalohitaji maelezo ni hili. Kalibu haitoi kipande kimoja kimoja. Hutoa kundi la vipande vilivyoshikana kwenye vijiti vya plastiki, kama ndizi kwenye mkungu, kisha vinakatwa na kuunganishwa. Plastiki inayoingia humo kwa mara moja ni ya rangi moja, hivyo vipande vyote vya mkungu mmoja huzaliwa na rangi moja. Fundi wa jua kali anayepaka matatu huziba vioo kwa gazeti na tepu, akapitisha mstari wake popote anapotaka. Mbunifu wa kichezeo hana uhuru huo. Akitaka mlango uwe mwekundu na paja liwe la kijivu, na vyote viwili viko mkungu mmoja, lazima kimoja kipulizwe rangi juu, na kila mpulizo ni gharama kwa kila gari linalotoka.

Kwa hiyo mpaka wa rangi huwekwa siku mikungu inapopangwa, kabla mtu hajajua gari la pili litaitwa nani. Weka ndugu wawili wa kalibu moja bega kwa bega uone: vipande vilivyokuwa na rangi moja kwa wa kwanza, kwa kawaida hubaki na rangi moja kwa wa pili. Familia za vipande hazivunjiki, zinahama pamoja. Mbunifu hodari ni yule anayepata sura mpya kabisa bila kuzitenganisha familia hizo, na huo ni ufundi ninaouheshimu kuliko kuchora roboti kwenye karatasi tupu.

Paa ndipo penye mtihani mkubwa. Katika vichezeo vingi vya magari ya aina hii kioo cha mbele, vioo vya pembeni na paa hutoka kwenye plastiki moja angavu. Paa hupulizwa rangi ifanane na bodi, vioo vikaachwa wazi. Sasa una rangi iliyo ndani ya plastiki kwenye boneti, na rangi iliyokaa juu ya plastiki kwenye paa, na zote zinatakiwa zionekane moja. Ni vigumu. Chukua gari lako ulitoe nje saa sita mchana, kwenye jua kali la huku kwetu, utauona mstari ambapo rangi mbili zinakutana. Nembo na michirizi midogo hugongwa kwa pedi laini ya silikoni inayobeba wino kama muhuri, na hiyo ndiyo sehemu ya kwanza kufutika mikononi mwa mtoto.

Mbinu hii ina umri mrefu kuliko filamu. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na vichezeo vya Diaclone tangu mwaka 1980, na Hasbro ilivichukua, ikaviuza kwa jina la Transformers kuanzia 1984. Kimojawapo ni Nissan Fairlady Z, ambayo sisi tungeiita Datsun. Mkenya yeyote mpenda magari anaijua damu hiyo: Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Kichezeo kinafuata toleo la baadaye la gari hilo, na kutokana na muundo mmoja walipatikana wahusika watatu. Prowl ni mweupe na mweusi, gari la polisi lenye taa juu ya paa. Bluestreak ni wa rangi ya fedha. Smokescreen, aliyefuata mwaka 1985, ni gari la mashindano lenye buluu, nyekundu na nambari 38 ubavuni. Wote watatu wana boneti kifuani na milango mgongoni, umbo lilelile tunalolikuta kwa Bumblebee wa 2007. Enzi hiyo tofauti ilibebwa na rangi ya plastiki na stika, kwa hiyo ukibandua stika umefuta nusu ya mhusika. Kwangu, hao watatu ndio kipimo cha kazi hii. Sijaona kalibu nyingine iliyozaa haiba tatu zinazoachana hivyo.

Wengine wawili wa 1984, Ironhide na Ratchet, walitoka katika Nissan Vanette moja: wa kwanza mwekundu, wa pili mweupe, gari la wagonjwa. Filamu ya 2007 iliwatenganisha, Ironhide akawa lori la GMC Topkick na Ratchet akawa Hummer H2, kila mmoja na kalibu yake. Bumblebee na Cliffjumper walikwenda kinyume. Mwaka 1984 walikuwa vichezeo viwili tofauti, kimoja Volkswagen na kingine Porsche, na kila kimoja kiliuzwa cha manjano na chekundu pia. Miaka 23 baadaye wakaingia ndani ya Camaro moja. Anayemdharau Cliffjumper wa filamu kwa kuwa ni rangi tu amesahau kwamba wawili hawa walianza kuazimana rangi tangu siku za mwanzo.

Kwa anayenunua mitumba, kuna kazi ya kutenganisha ndugu halali na nakala ya magendo. Aliyetengeneza nakala mara nyingi hupata kalibu kwa kuiga kichezeo kilichokamilika, na kwa kuwa plastiki husinyaa inapopoa, gari lake hutoka dogo kidogo na mistari yake imefifia. Pima kwa kuliweka juu ya ndugu yake. Kisha geuza chini utafute maandishi ya kampuni na mwaka. Mara nyingi mwaka huo ni wa kalibu, hauhusiani na rangi, kama vile nambari ya chesi isivyobadilika gari linapopakwa upya.

Sababu yangu kubwa ya kuyatetea magari haya ni ya hapa kijijini. Hakuna duka kati ya Cheptiret na Eldoret ninalolijua linalouza mlango mmoja wa roboti. Spea pekee ni gari lingine la kalibu ileile, na kila rangi mpya inayotoka kiwandani inaongeza spea hizo duniani. Kwa hiyo usitupe lililovunjika kwa sababu rangi yake si ile unayoikusanya, na usilipulize rangi ya kopo, maana rangi hujaza bawaba na kipande hakitaingia tena kwa ndugu yake. Fungua skurubu, weka vipande kwenye mfuko, andika jina la kalibu.

Mimi nilikuwa na Bumblebee mwingine aliyevunjika kiuno. Mlango wake wa manjano uliingia kwenye bawaba ya Cliffjumper bila kukwaruzwa popote, na nimeuacha na rangi yake.