Nguvu ya Hadithi: Kutoka Kaze hadi Kusadikika

Majini, miji iliyogeuka mawe na nchi zinazoelea hewani hudhaniwa na wengi kuwa mambo ya watoto wanaongoja usingizi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro. Fasihi yetu inazo riwaya za ajabu zilizoandikwa kwa watu wazima, na ajabu iliyo kubwa kuliko zote ndani yake ni nguvu ya hadithi yenyewe. Tutaanzia Tabora, kwa kuwa njia ya misafara ilikuwa pia njia ya maneno.

Tarehe 7 Novemba, 1857, Richard Burton na John Speke waliingia Kaze, mahali panapojulikana leo kama Tabora. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu ambaye Burton alimsifu kwa wingi wa usomaji wake na uhodari wa kumbukumbu yake. Mwaka 1885 Burton huyo huyo alianza kuchapisha kwa Kiingereza tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, na kwa kazi hiyo akapata sifa kubwa. Hatudai kwamba aliziokota hekaya hizo Unyamwezini. Tunalosema ni kwamba njia iliyopeleka pembe na watumwa pwani ndiyo pia iliyokileta Kiswahili bara, na lugha haisafiri bila hadithi zake. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mashuhuri katika njia hiyo. Mizigo waliyoichukua mabegani ilihesabiwa na kuandikwa. Maneno waliyosimuliana baada ya kuitua ni machache sana yaliyopata mwandishi.

Alfu Lela Ulela ilitokea kwa Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920. Haikupita muda mrefu kabla Shaaban Robert hajaigeuza mbegu ile kuwa mmea wa kwetu. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, imejengwa juu ya hekaya mojawapo ya mkusanyo huo. Adili ni mtawala mwema mwenye siri: kila usiku hana budi kuwapiga manyani wawili, naye moyo unamwuma, maana manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini. Ufunguo wa kifungo hiki ni kusimulia. Siri ilipokuwa kifuani ilimtesa. Ilipofika masikioni mwa Mfalme Rai, ndipo njia ya faraja ilipofunguka.

Lakini kwa maoni yetu kazi kubwa zaidi ni Kusadikika, iliyotangulia mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema kwa ajili ya nchi, wakarudi na kulipwa mateso. Hapa yafaa tumlinganishe na Shahrazadi. Wote wawili wanasimulia mbele ya mfalme, na upanga uko juu ya shingo. Hata hivyo, Shahrazadi anaokoka kwa kuikata hadithi alfajiri kabla haijaisha. Karama anaokoka kwa kuimaliza. Yule anasimulia chumbani usiku. Huyu anasimulia barazani, watu wakisikia. Shahrazadi anaomba usiku mmoja zaidi wa kuishi, na Karama anaidai haki ya nchi nzima. Hadithi ya kale imeondolewa kitandani mwa mfalme, ikapelekwa mahakamani. Mageuzi hayo si madogo, hasa tukikumbuka kwamba kitabu kilitoka wakati nchi ingali chini ya utawala wa Kiingereza.

Sifa hiyo isitufumbe macho tusione upungufu. Majivuno, Hasidi na Mwivu wamekwisha kuhukumiwa na majina yao kabla ya kutenda lolote. Msomaji haachiwi nafasi ya kukosea, na mahali asipoweza kukosea mtu hajifunzi sana. Isitoshe, wokovu wote unategemea mfalme anayekubali kusikiliza. Je, asipokubali? Euphrase Kezilahabi, katika Nagona ya mwaka 1990, hakutuwekea mfalme wa namna hiyo. Msimulizi wake anapita katika ulimwengu wa ajabu usio na njia iliyonyooka, na kazi ya kusikiliza na kupima inamwangukia msomaji mwenyewe. Ni kitabu kigumu, lakini ugumu wake una heshima ndani yake: unatuchukua kuwa watu wazima.

Basi walimu wasitosheke na kuorodhesha dhamira ubaoni. Wawaulize wanafunzi: nani anasimulia, nani anasikiliza, na ni nini kingepotea kama hadithi isingesemwa? Na mwanafunzi wa Tabora analo swali la ziada. Katika Kusadikika tumewasikia wajumbe kwa sababu Karama aliwasemea. Wale waliopita njia ya Kaze na mizigo mabegani bado wanamngoja Karama wao. Kumbukumbu zilizobaki kwa wazee wa Unyamwezi hupungua kila anapozikwa mmoja wao. Daftari moja na kalamu, na subira ya kusikiliza, ndizo zana za kuanzia.