Majina ya Vyombo vya Kioo vya Maabara: Yanasema Nini, na Yanaficha Nini?

Gumbo ni kitongoji cha Juba kilichoko ng'ambo ya mashariki ya mto Nile, kando ya barabara iendayo Nimule na mpaka wa Uganda. Kiswahili huingia Juba kwa njia hiyo, kikiletwa na madereva wa malori na wananchi waliorejea kutoka Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa hapo huja darasani na lugha ya nyumbani, Kibari au nyingineyo. Ana Kiarabu cha Juba cha sokoni, na Kiingereza kilicho lugha rasmi ya nchi tangu mwaka 2011. Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili nacho kilianza kumdai nafasi. Nimemchagua mwanafunzi huyu awe kipimo cha makala haya kwa sababu moja: hana mazoea na istilahi zetu. Sisi tuliozizoea hatusikii tena zinasema nini.

Tuchukue chombo kinachoshikwa mara nyingi kuliko vyote katika maabara, kile chenye mdomo mpana na kijimdomo cha kumiminia. Vitabu vyetu hukiita bika. Kwa asiyejua Kiingereza, neno hili ni bubu. Wako wanaopendelea bilauri, nao wana hoja nzito: neno ni la siku nyingi, limekaa vizuri katika ulimi, na asili yake ni Kiarabu, ambamo billaur ni kioo safi kinachong'aa, mtoto wa Gumbo mwenye Kiarabu angeweza hata kulikisia. Hata hivyo silikubali. Bilauri ni chombo cha kunywea. Jina hilo huupeleka mkono kinywani, na sheria ya kwanza ya maabara ni kwamba humo hakinywewi kitu. Afadhali bubu la bika kuliko ufasaha wa bilauri.

Bika ina hatari nyingine ambayo jina halina kosa nayo. Ubavuni ina mistari ya kipimo, na mwanafunzi huiamini. Mistari ile ni ya kukadiria tu. Panapoandikwa 100 huenda maji yakawa sentimita za ujazo 95 au 105. Kazi ya kupima ni ya mcheduara wa kupimia, na hapa wanahisabati wetu walitufaa sana: mche ulio duara, umbo lenyewe limesemwa. Mwalimu anayeviita vyote viwili "glasi ya kupimia" amefuta kwa neno moja tofauti ambayo somo zima linaitegemea.

Ama neli ya majaribio, hapa nina ugomvi kidogo. Neli kwa kawaida ni bomba, nalo bomba hutoboka pande zote mbili. Chombo chetu kimezibwa chini, na kisingezibwa kisingefaa kitu. Lakini jina limeenea, na fungu la maneno "ya majaribio" limekwisha kulitenga na mabomba mengine, kwa hiyo liachwe.

Pipeti ndiyo inayonishughulisha zaidi. Umbo lake ni mrija hasa: mwembamba, wazi juu na chini. Mtu anayependa lugha yake huvutwa kusema "mrija wa kupimia," na kwa mtazamo wa umbo hakuna neno bora. Lakini Mswahili hufanya nini na mrija? Huuweka mdomoni akavuta. Zamani hata wakemia walifanya hivyo, wakameza walichokimeza; leo tunafunzwa kuvuta kwa kipira cha mpira kinachovikwa juu. Basi jina la mrija lingefufua desturi ileile tunayojaribu kuizika. Naona pipeti na mwenzake bureti yabaki kama yalivyo, ila yasiachwe bila maelezo. Mwanafunzi aelezwe kwamba pipeti huhamisha kiasi kimoja kilichopangwa, na bureti, yenye bilula chini, hudondosha tindikali au besi kidogo kidogo mpaka rangi ya kiashiria igeuke. Katika vyombo vyote viwili jicho lisawazishwe na sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa maji.

Chupa ni neno letu lenye ukarimu kupita kiasi. Lolote lenye shingo ni chupa. Ile ya umbo la pia, iliyobuniwa na Mjerumani Emil Erlenmeyer yapata mwaka 1860, ina shingo nyembamba ili itikiswe kwa kuzungushwa bila kumwaga. Nyingine ina mstari mmoja tu shingoni, nayo ni ya kutengenezea myeyusho wa ukolezo uliokusudiwa. Mstari huo kwa kawaida umewekwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Juba wakati wa kiangazi hupita nyuzi 35, na maji yaliyotanuka kwa joto hilo, yakijazwa katika chupa ya sentimita za ujazo 250, huwa pungufu kwa uzito wa gramu moja hivi. Kitabu kilichoandikiwa Ulaya hakina haja ya kulitaja jambo hili. Chetu kinayo.

TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilitufungulia njia, na hatuna budi kuishukuru. Lakini orodha ya majina haitoshi pale ambapo jina moja, kioo, hufunika vitu viwili visivyofanana. Kioo kilichotiwa boroni, kazi iliyoanzishwa na Otto Schott huko Jena katika miaka ya 1880, ambacho kampuni ya Corning ya Marekani ilikiuza kwa jina la Pyrex kuanzia mwaka 1915, hutanuka kwa joto kiasi cha theluthi ya kioo cha kawaida. Bika ya namna hiyo huwekwa juu ya moto. Chupa nene ya kuhifadhia dawa ikiwekwa hupasuka, na aliye karibu hujeruhiwa. Ningependa kila kidahizo cha chombo cha kioo, katika kamusi zijazo, kiwe na maneno mawili au matatu ya nyongeza: hutiwa motoni, au hakitiwi.