Kompyuta ya Gemu Huanzia Kwenye Kioo

Mashine nyingi ninazoletewa nizitazame ni zile zile: Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizomaliza utumishi kwenye ofisi za Ulaya, zikaingia kwa makontena, zikauzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa wenzetu wa Nairobi. Ni mashine imara. Bati lake zito, nyaya zake zimepangwa na mtu aliyeijua kazi yake, na bei yake kijana anaimudu. Mwenyewe anataka icheze gemu, na swali lake la kwanza huwa hilo hilo: “Anko, nitie kadi gani?” Nami humuuliza kwanza anatazamia kioo gani.

Simzungushi. Kadi ya picha ni mchoraji, na ukubwa wa turubai ndio unaopanga kazi yake. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli kama milioni 2. Cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.7, na cha 4K kinapita milioni 8. Zote hizo huchorwa upya kila fremu. Ukinunua kioo cha 4K kwa sababu kilipendeza dukani, umeipa kadi yako mara nne ya kazi ya kile cha kawaida, na gemu lililokuwa linateleza litaanza kukwama. Ukifanya kinyume chake, ukafunga kadi kubwa nyuma ya kioo cha ofisi cha hezi 60, fremu 140 zitachorwa kwa sekunde na zaidi ya nusu yake hutaziona kamwe.

Hezi ni idadi ya picha mpya ambazo kioo huweza kuonyesha kwa sekunde. Kwa hezi 60, picha hubadilika kila milisekunde 16.7. Kwa 144 ni milisekunde 6.9, na kwa 240 ni 4.2. Zitoe hizo namba: kutoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10, lakini kutoka 144 kwenda 240 huokoi hata 3. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mtu wa kipato cha kawaida aishie kwenye 144 au 165. Pesa inayobaki ina kazi nyingine.

Inchi nazo zina hesabu yake. Kioo cha inchi 24 chenye 1080 kina pikseli kama 92 katika kila inchi, na macho yanaridhika. Tanua pikseli hizo hizo hadi inchi 27 zinashuka kufika 82, herufi zinaanza kuota miba. Ukitaka inchi 27, nenda 1440.

Sasa ubora wenyewe, ule usioandikwa kwenye boksi. Boksi litakuambia “1 ms” kwa herufi kubwa. Vipo vipimo viwili vinavyovaa jina hilo. Kimoja hupima pikseli inachukua muda gani kutoka rangi moja hadi nyingine. Kingine hupima picha inakaa muda gani machoni, na mara nyingi hupatikana kwa kuuzima na kuuwasha mwanga wa nyuma haraka haraka. Ukikiwasha kipengele hicho kioo kinafifia, na katika vioo vingi ule mfumo wa kukifanya kioo kiifuate kadi, FreeSync, hauwezi kufanya kazi pamoja nacho. Kwa hiyo ile “1 ms” mara nyingi ni namba ya hali ambayo wewe hutaitumia.

Tazama aina ya paneli. VA ina weusi wa kweli: mwangaza wake hupita giza lake kama mara 3000, wakati IPS ya kawaida huishia 1000 hivi. Kwa mtu anayecheza gemu za hadithi usiku, taa zimezimwa, VA ni raha. Ila pikseli zake huchelewa kutoka kwenye giza, hivyo kitu cheusi kikikimbia huacha mkia kama wino uliopakwa kwa kidole. Ujaribu hivi: fungua ukurasa wenye maandishi ya kijivu juu ya weusi, uusogeze juu na chini. Ukiona herufi zinaburuta kivuli cha zambarau, na wewe ni mtu wa gemu za kulenga na kufyatua, kiache. Kwa gemu hizo chukua IPS, ukijua kwamba pembeni mwake weusi utang'aa kidogo. Kuna mng'ao unaohama ukisogeza kichwa. Huo ni tabia ya paneli. Kuna mwanga unaovuja ukabaki palepale popote ukaapo. Huo ni ubovu wa ufungaji, na una haki ya kubadilishiwa.

Mimi hutembea na flashi yenye picha tano: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ya kujaza kioo kizima. Dakika mbili zinatosha kuonyesha pikseli iliyokufa na doa la mwanga. Muuzaji mwaminifu hakatai. Stika ya HDR 400 isikupandishie bei: inaahidi mwanga wa niti 400, lakini vioo vingi vyenye stika hiyo haviwezi kupunguza mwanga eneo kwa eneo, na bila hilo nyota haing'ai huku anga likibaki jeusi. Kuhusu FreeSync, uliza kioo kinafanya kazi kuanzia hezi ngapi. Kinachofuata kadi kuanzia 48 hadi 144 kina nafasi ya kurudia fremu mara mbili kadi inapolemewa. Kile cha 48 hadi 75 hakina nafasi hiyo, na ukishuka chini ya 48 mikwaruzo inarudi.

Kutoka kwenye kioo naenda moja kwa moja kwenye pawa saplai, kwa sababu hapo ndipo watu huungua. Niliwahi kununua moja iliyoandikwa wati 600. Mwezi wa pili ilikufa, ikaondoka na diski yangu yenye picha za familia. Tangu siku hiyo sisomi namba kubwa ya ubavuni. Nasoma jedwali dogo.

Utasikia dukani, “Kaka, mia tano hii, kamili.” Mwambie akusomee ampea za mstari wa volti 12. Kadi na prosesa hula karibu kila kitu kutoka hapo. Ikiwa ni ampea 18, zidisha kwa 12, unapata wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai unayouziwa. Nzuri ya wati 500 itakuwa na ampea zinazokaribia 40 kwenye mstari huo. Kisha igeuze nyuma. Ukikuta swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, mara nyingi umeshika muundo wa kizamani usio na sakiti ya kusawazisha namna inavyovuta umeme. Za kisasa hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe. Ishike mkononi: koili na vipoza-joto vina uzito, na pawa saplai nyepesi kama boksi la biskuti imepunguziwa kitu ndani. Alama ya 80 Plus ni njema lakini inapima umeme mwingi kiasi gani haupotei kuwa joto. Haikuambii kifaa kitadumu miaka mingapi. Na kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, weka stabilaiza kabla ya kuongeza taa za rangi kwenye keisi, na umeme ukikatika chomoa plagi.

Hapa wenye OptiPlex wanisikilize. Madabodi ya 9020 haipokei plagi ya kawaida ya pini 24. Ina yake ya pini 8, kwa hiyo ukibadili pawa saplai unahitaji adapta. Na kile kikeisi chembamba hakipokei pawa saplai ya kawaida kabisa, wala kadi ndefu kwenda juu. Njia ya heshima ni kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, inayotosheka na wati 75 za kwenye tundu la madabodi: GTX 1050 Ti, GTX 1650 ya aina isiyo na plagi, au RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70. Kwa keisi nyembamba sisitiza ile fupi, yenye bati fupi la kufungia. RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inazungumza na madabodi kwa njia 4 badala ya 16, na katika mashine hizi za zamani inapoteza nguvu njiani. Mimi siichukui.

Kadi za mtumba si za kuogopwa zote. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Kadi iliyochimba mara nyingi imekaa kwenye joto lisilopanda na kushuka. Kinachochakaa zaidi ni feni na ile gundi ya joto. Zungusha feni kwa kidole: ikitikisika, hesabu gharama ya feni. Tazama skrubu zilizochubuka. Kisha washa programu ya GPU-Z. RX 580 kamili ina vitengo 2304. Ukikuta 2048 umeshika toleo lililotolewa kwa ajili ya China, ambalo kwa nguvu ni RX 570, basi lipa bei ya 570. Kuna pia kadi za kale zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti. GPU-Z huziandikia FAKE mbele ya jina. Hata kabla ya kuwasha, ukiona 1050 Ti yenye tundu la VGA, shtuka, maana kizazi hicho cha chipu hakitoi tena ishara hiyo chenyewe. Mwisho iache ifanye kazi nzito nusu saa huku umekaa nayo. Ukiona vidoa vya rangi vinachipuka, rudisha pesa mfukoni.

Yaliyobaki ni mafupi. RAM iwe vijiti viwili vinavyolingana, si kimoja kikubwa. Gemu likae kwenye SSD. Kama bado hujanunua mashine, anzia kizazi cha nane cha Intel, mfano OptiPlex 7060: i5 yake ina viini sita badala ya vinne, na Windows 11 inaikubali. Windows 10 ilikwisha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Mwaka jana kijana wa mtaani kwetu alikuja na laki nne za kubadili kadi. Alikuwa na GTX 1650, anacheza Valorant. Tulipowasha namba za fremu, zilikuwa zinapita 140. Kioo chake kilikuwa cha hezi 60. Tulikwenda pamoja tukatafuta cha IPS cha 144, inchi 24, mtumba, tukakipitishia zile picha tano. Nyumbani nilichomeka waya kwenye tundu la kadi, si la madabodi, waya wa DisplayPort, kisha nikafungua mipangilio ya Windows, kwa sababu kioo kipya huweza kubaki kwenye 60 mpaka ukibadili mwenyewe. Nikachagua 144. Alishika mausi akaanza kuchora miduara na mshale juu ya kioo kitupu, kimya, na gemu hakulifungua kwa muda mrefu.