Majina Matatu ya Franco

Mtu akifa, majina ya sifa hubaki yakisema badala yake. Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa bendi ya O.K. Jazz, alifariki Namur, nchi ya Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Tangu hapo wengi wamemsimulia katika vitabu na redioni. Na UNESCO ilipoitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wake, Desemba 2021, sifa zake zikaimbwa upya. Sisi wa Uvira, ambao wazee wetu walizicheza nyimbo zake hata bila kukijua Kilingala vema, mziki wenyewe hatuugombezi. Twauliza tu: majina anayopewa yatuonyesha mtu, ama yamfunika?

Jina la kwanza ni «mchawi wa gitaa». Wanaolitumia wakusudia kusifu. Lakini huku Kivu ya Kusini neno hilo si la mchezo: watu wameuawa, hasa akina mama wazee, kwa kushutumiwa uchawi tu. Tena jina hili laficha kazi. Franco alizaliwa Sona Bata mwaka 1938. Baba yake, mfanyakazi wa reli, akafa yeye angali mtoto. Mama yake akauza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri, Leopoldville. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la mkebe na nyuzi za waya. Paul Ebengo, aitwaye Dewayon, akamfundisha. Na mwaka 1953, mwenye miaka 15, akaingia studio ya Loningisa. Uchawi uko wapi hapo? Kuna mama, kuna mwalimu, kuna vidole vilivyozoezwa. Kijana wa Kalundu akisikia habari za uchawi, ataliweka gitaa lake chini. Akisikia habari za Dewayon, atatafuta mwalimu.

Jina la pili ni «jitu». Ndivyo Graeme Ewens alivyokiita kitabu chake cha mwaka 1994, Congo Colossus. Kwa haki, maneno yanayofuata jina hilo jaladani yaitaja bendi pia. Lakini wasimulizi wengi huliona jitu peke yake. Bendi ilianza mwaka 1956, nao Vicky Longomba na Jean Serge Essous walikuwamo. «Mabele» ni utungo wa Simaro Lutumba. Katika «Mario», wimbo wa 1985, twasikia sauti ya Madilu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jina la tatu ni «Grand Maître», yaani Bwana Fundi Mkuu. Hapa ndipo penye ugumu. Mwaka 1966 Mobutu aliwanyonga wakubwa wanne hadharani. Wimbo wa Franco «Luvumbu Ndoki» ukasikika kama walilia jambo lile. Ndoki maana yake ni mchawi. Sahani zikaondolewa, naye akavuka mto kwenda Brazzaville. Mwaka 1978 akatiwa gerezani kwa nyimbo za matusi. Mwaka 1984, Mobutu akiwa mgombea peke yake, Franco akamwimbia «Candidat na biso Mobutu». Mwaka 1987 akatoa «Attention na SIDA», akiwaonya watu juu ya ugonjwa ambao wengi waliogopa hata kuutaja.

Basi wako wanaosimulia 1966 na 1987 wakairuka 1984: hao watuchorea shujaa. Wako wanaosimulia 1984 tu: hao watuchorea kibaraka. Wote wawili wasema kweli nusu, na kweli nusu hudanganya kuliko uongo mtupu. Sisi tuliopo ufukweni huku, ambako vita vya mwaka 1996 vilianza, vile vilivyomwondoa Mobutu mwaka 1997, tuna haki ya kujua nani alimwimbia, na pia nani alithubutu kumlilia aliyenyongwa. Ikiwa ni mtu mmoja, tuambiwe ni mtu mmoja.

Kwa hiyo twawaomba wanaoandika habari zake: tupeni mwana wa muuza maandazi, mwenye walimu, mwenye wenzi, mwenye woga na mwenye ushujaa. Wajukuu wetu watajifunza kwake mengi kuliko kwa mchawi yeyote.