Nguzo Mama na Kazi Isiyo na Jina

Katika tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotolewa mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Wanafunzi wengi wakiulizwa sababu hujibu upesi: wanawake hawapendani. Jibu hilo hupewa alama, nasi twaona lina upungufu. Ugomvi umo, hatukatai. Mwandishi hakuwapamba wanawake wake. Lakini yafaa msomaji atazame pia kila mmoja wao ametoka wapi kabla ya kuishika nguzo. Ametoka nyumbani, na nyumba haikumwachia mikono. Aliyekwisha kuchoshwa na jiko, watoto na mashaka ya ndoa huifikia kazi ya pamoja akiwa nusu.

Hapo ndipo tamthilia inapogusa maisha ya leo. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alikwisha kueleza kwamba wanawake hufanya kazi zaidi ya fungu lao, shambani na nyumbani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hukumu ilitoka, lugha haikuifuata. Mwanamke aliyeamka alfajiri, akateka maji, akapika, akalea, bado twamwambia mgeni kwamba hana kazi, yupo nyumbani tu. Sisi tuliokaa ofisini miaka mingi tumeyajaza maneno hayo katika fomu kwa mkono wetu, tena kwa mwandiko mzuri. Naye mwanamke aliyeajiriwa huhesabiwa kazi moja tu, ile ya mshahara. Ya pili humngoja mlangoni arudipo jioni, wakati mumewe avua viatu na kuuliza chakula.

Hata sheria ina alama ya mazoea hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mama mzazi likizo ya siku 84, na baba siku 3. Tofauti nyingine ni ya maumbile, kwa kuwa mzazi hana budi apone. Lakini si yote. Siku hizo 3 nasi tulipewa. Tulizimaliza barazani tukipokea pongezi, na maji ya mzazi aliyachemsha mama mkwe.